Mafuta ya Mtachoka

Jirani yangu hapa Masasi, Mama Neema, ana mbwa anayeogopa kila kitu. Anaogopa radi, anaogopa bodaboda zenye ekzosi mbovu, anaogopa hata sufuria likianguka jikoni. Juzi kijana wake anayesoma Dar es Salaam alimletea kichupa cha mafuta ya mchaichai, kina kifuniko cha kudondoshea na picha ya mbwa aliyefumba macho kwa raha. Daktari wa mifugo alimwonya asimpake mnyama mwilini, maana hayo ya chupani ni makali. Adondoshee tone moja kwenye kitambaa, akiweke karibu na anapolala, basi. Mama Neema, ambaye hanunui hata nyanya bila kuniita, alifungua kichupa akanisogezea puani.

"Nusa, Mama Rama. Niambie kama mwanangu kapigwa."

Nilinusa. Halafu nikaomba kiti.

Alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akakimbilia maji. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa Kitangari, nyuma ya bafu la makuti, kwenye lile shina la mchaichai lililopandwa pale ili linywe maji ya watu waliooga, kwa sababu kwetu hakuna maji ya kumwagia majani. Nilikuwa nimevaa sare ya shule iliyokatika vifungo, na Bibi alikuwa ananigombeza nisivute mchaichai na mizizi yake.

Mliokulia kule juu Kitangari kama mimi mnazijua asubuhi za msimu wa salfa. Jua halijachomoza, umande bado uko kwenye majani, na mabomba ya kupulizia salfa mikorosho yanaanza kuunguruma mashambani, moja huku, jingine kule. Unga wa njano unapanda juu ya mikorosho na kushukia kwenye nywele, kwenye ndoo, kwenye uji. Macho yanawasha. Ukikohoa asubuhi hiyo hupewi pole, maana kila mtu anakohoa. Baba yangu alikuwa mpuliziaji. Alibeba bomba mgongoni, akajifunga kitambaa usoni, akawa wa njano kuanzia kofia hadi buti, na watu walimwita shamba hadi shamba kwa kuwa mashine yake haikuwa na visirani. Na popote alipokwenda, Mtachoka alikuwa nyuma yake.

Mtachoka alikuwa mbwa wetu, mwekundu, sikio moja limekatika ncha. Jina lile lilikuwa la majirani, si la mbwa. Baba alipomuoa Mama kuna watu walisema sana, walisema nini sijui mpaka leo, naye alipopata mbwa akamwita hivyo ili kila akimwita kwa sauti ujumbe uwafikie. Kazi yake ilikuwa kulinda karanga na mihogo dhidi ya nguruwe pori. Nyumbani hakuruhusiwa kukanyaga hata ukingo wa baraza, kwa sababu kwenye baraza alikaa Bibi, mama mzazi wa Baba. Bibi alikuwa mtu wa swala. Mbwa akijikung'uta upande wa pili wa uwanja, yeye huku anakusanya kanga yake isije ikaingia najisi.

Baba alifariki msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Alikuwa anarudi kutoka Masasi kwa pikipiki, alikokwenda kutafuta spea ya bomba, na kwenye zile kona za kupandia kule juu akakutana na lori. Sitaeleza zaidi. Sikuwepo, na waliokuwepo hawakuniambia. Ninachokumbuka ni nyumba iliyojaa watu, kisha nyumba isiyo na watu, na Mama ndani yake akiwa amekaa eda.

Eda nilielezwa kwa lugha ya kitoto. Mama hatatoka nje ya uwanja. Hatavaa vya kupendeza, hatapaka hina, hatajitia manukato, hata mafuta ya nywele yanayonukia hapana, mpaka Bibi aseme muda umetimia. Niliyakubali yote hayo. Lililonisumbua ni mikono yake. Bomba likiwaka kwa jirani, chochote alichoshika kilianguka. Ulianguka ungo na mtama wake, kikaanguka kikombe, siku moja likaanguka sufuria zima la kisamvu nasi tukala ugali na chumvi. Hakulia. Wanawake waliokuja kumtazama walimsifu, "Mama Somoe kajikaza," Somoe ndiyo mimi, na walipofika njiani wakamsifu tena. Mikono hakuna aliyeiuliza.

Mtachoka yeye hakujikaza. Kila bomba lilipowaka alichomoka kwenda huko huko linakounguruma. Alimwendea mtu wa njano aliyejifunga uso, akamzunguka, akamnusa buti, kisha anarudi nyumbani mkia chini, anatetemeka, anachimba shimo kwenye kona ya uwanja kama anayetaka kujizika. Bomba la pili likiwaka, anakwenda tena. Asubuhi moja alimrukia mpuliziaji kifuani. Sidhani kama alitaka kumng'ata, nadhani alitaka kuona uso. Yule mtu alianguka chali juu ya bomba lake, salfa ikamwagika yote, na malalamiko yakafika kwetu kabla mbwa mwenyewe hajarudi.

Ndipo Baba Mdogo, mdogo wake Baba, akaja kutoka Mnyambe. Alikuwa mtu mpole, na siku hizo macho yake yalikuwa mekundu muda wote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, huyu mbwa atatuletea kesi. Nitampeleka mbali."

Mimi nilikuwa nachambua mboga karibu yao, nikaiacha. "Mbali" nilikuwa naijua. Kabla ya Mtachoka tulikuwa na mbwa mwingine aliyekula mayai ya watu, naye alipelekwa mbali, na aliyempeleka alibeba kamba na jembe. Jembe lilirudi.

Bibi hakumtazama mwanawe. Alikuwa anatazama ndani, kwa Mama, ambako muda mfupi uliopita kulisikika kitu kikidondoka.

"Mbwa hatoki kwenye uwanja huu mpaka eda iishe," alisema.

"Mama, eda na mbwa wapi na wapi?"

"Eda ikiisha, njoo. Kwa sasa mfungeni pale kwenye nguzo."

Basi nami nikaelewa nilivyoelewa: Mtachoka naye yuko eda. Ukiniuliza, ilikuwa inaingia akilini kabisa. Mama hatoki uwanjani, Mtachoka hatoki uwanjani. Mama hataki kula, Mtachoka hali. Bomba likiunguruma wote wawili wanashtuka. Nilikwenda kuwaeleza wenzangu shuleni kwa fahari, kwamba mbwa wetu anakaa eda na hamtakiwi kumpigia mluzi. Habari ikafika madrasa, ustadhi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanionya nisirudie. Sikurudia kwa sauti. Ila moyoni niliogopa siku ya eda kuisha, na nilikuwa mtoto pekee Kitangari aliyemwombea mama yake aendelee kukaa ndani.

Siku chache baada ya Baba Mdogo kuondoka, Bibi alinituma mchaichai. Yeye mwenyewe alichuma kivumbasi kilichoota nyuma ya jiko, kile tunachochoma kufukuza mbu. Akaviponda vyote kwenye kinu kidogo, akaviweka kwenye sufuria na mafuta ya ufuta, akaongeza karafuu chache, akaliacha sufuria kwenye makaa yaliyokwisha kufa nusu. Hakutaka yachemke. Alikaa hapo asubuhi nzima, anaondoa kaa, anarudisha kaa. Harufu ilipotoka ilipita katikati ya salfa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nyumba haikunuka mayai mabovu. Akayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, akayatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Mama Somoe," aliita, "njoo hapa nje."

Mama akatoka, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mbwa wa marehemu anateseka. Kuna haya mafuta. Utampaka."

"Mimi, Mama?" Mama alishangaa. Bibi hakuwahi kulitaja neno mbwa bila kuongeza lingine baya mbele yake.

"Mimi nina udhu. Huyu ntoto ana mikono ya haraka. Umebaki wewe."

Mama alinusa chupa, akairudisha haraka chini. "Lakini haya yananukia, Mama. Niko eda."

"Ya kwako haya? Ya mbwa haya. Utapaka, kisha utanawa, mara saba, moja kati yake kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa mtu aliyeshika mbwa. Harufu itabaki kwa mbwa." Akasogea kidogo. "Sasa sikiliza. Unamimina kiganjani, unapasha kwa viganja mpaka yapate moto. Unaanzia nyuma ya masikio, unashuka shingoni, taratibu. Ila nkono ukitetemeka usimguse. Ukimgusa unatetemeka unamwambia kweli kuna jambo. Subiri utulie, ndiyo uanze."

Kesho yake asubuhi mabomba yakawaka. Mtachoka akaanza kuvuta kamba na kulia kile kilio chembamba. Mama alikaa mbele yake, miguu kaiweka upande, mafuta viganjani, viganja vimebanwa pamoja. Vilikuwa vinatetemeka. Akasubiri. Mimi nilisimama mlangoni na mswaki wangu wa mti mdomoni, nikangoja nione, na hakuna kilichotokea. Bomba linaunguruma, mbwa analia, Mama amefumba macho na harufu ya mchaichai inapanda usoni pake, na Bibi kwenye baraza anavuta tasbihi kama asiyeona. Nilichelewa shule. Nilikuwa karibu kukata tamaa pale Mama alipofungua macho, akanyoosha mikono, akamshika Mtachoka nyuma ya masikio.

Mbwa aliruka. Kisha akabaki hapo hapo. Kisha akaweka kidevu chini.

Baada ya hapo likaja jambo lililonishinda kabisa kulielewa. Bibi alichukua kata, akafungua dumu, akaanza kumimina maji juu ya mikono ya Mama. Mnajua maji ya kwetu wakati wa kiangazi. Dumu lile tulilitoa bondeni, Bibi na mimi, tukipanda ule mlima kwa kupumzika pumzika, na mtoto aliyemwaga kata moja alilisikia jina lake mpaka jioni. Sasa Bibi huyo huyo anamimina, anasubiri, anampa Mama udongo, anasubiri asugue kila kidole, anamimina tena, bila haraka, bila kelele, maji yanajaa kwenye beseni, ya kwenda kumwagiwa mchaichai. Yote kwa ajili ya mbwa.

Kichwa changu kilipata jibu moja tu. Bibi alikuwa anampenda Mtachoka kwa siri. Alimpenda sana, ila udhu ulimzuia, basi akaazima mikono ya Mama. Nilimwonea Mama huruma kweli. Mtu kafiwa na mume, na bado mama mkwe anamtuma kupaka mbwa mafuta.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mama alianza kusema na mbwa wakati anampaka. Mwanzoni ilikuwa "tulia, tulia". Baadaye akawa anamweleza. "Huyo anayepuliza leo si yeye. Huyo ni wa kwa Mzee Chilumba, sikia mashine yake inavyokata kata moto. Yeye hakuwa anakata moto hivyo." Siku nyingine alimsimulia jinsi Baba alivyoanguka kutoka juu ya mkorosho siku ya kuja kujitambulisha kwao, akaficha goti lililopasuka mpaka posa ikaisha. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Niliisikia kwa sababu aliambiwa mbwa. Na wakati Mama anasimulia, kwenye baraza tasbihi ilikuwa imesimama.

Niliona pia kwamba mkeka wa Bibi unasogea. Mwanzoni ulikuwa ukutani, mbali na unyevu wa mbwa. Ukaja katikati ya baraza. Ukafika ukingoni, mahali ambapo upepo unaotoka kwenye nguzo ya Mtachoka unapita usoni. Hapo alikaa Bibi, kafumba macho, kanga kaishika kifuani. Nilidhani anasinzia. Siku kadhaa alipokuwa anammiminia Mama maji, kata iligonga gonga ukingo wa beseni, nikafikiri, Bibi amezeeka.

Msimu wa salfa ukapita. Maua ya mikorosho yakawa mabibo, na siku niliyoiogopa ikafika. Wanawake wawili watatu wa jirani walikuja kumtoa Mama eda. Alioga, akavaa kanga mpya inayonuka duka, udi ukawashwa. Mimi nilikuwa nimemfungua Mtachoka kwenye nguzo, nimekaa naye nyuma ya nyumba, nimemshika shingo, nasubiri kamba na jembe. Nikaitwa nije nimuone mama yangu alivyopendeza. Nilipoingia, Bibi alikuwa anafungua chupa ya dawa ya kikohozi. Akammiminia Mama viganjani.

"Hayo ya Mtachoka!" nilipiga kelele.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Mama mwenyewe alicheka, na ilikuwa muda mrefu sijaona meno yake.

"Mtachoka hana choyo," alisema Bibi, na akaendelea kumpaka Mama mikono, kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo pikipiki ikaingia uwanjani. Haikuzimwa mara moja, ilinguruma pale nje. Mama alikuwa amepewa kikombe cha chai. Wote tulikitazama kikombe. Yeye alikitazama pia, kama mtu anayesubiri kuona kitafanya nini. Hakikuanguka. Akatoka nacho hadi barazani, nami nyuma yake nimeshika kanga yake mpya.

Alikuwa Baba Mdogo. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye usukani. Mtachoka alikuwa amesimama, masikio juu, ila hakuwa anaitazama pikipiki. Alikuwa anamtazama Mama.

"Shemeji, hongera kwa kutoka salama," alisema Baba Mdogo, kisha akageukia barazani. "Shikamoo, Mama. Nimekuja kama tulivyosema. Eda imeisha."

Bibi alifungua mdomo. Mama akamtangulia.

"Karibu chai, shemeji. Kuna kiroba cha mihogo hapo jikoni nimekuwekea, kifunge na hiyo kamba. Mbwa ana kazi hapa."

Baba Mdogo alimtazama Bibi, Bibi akatazama tasbihi yake. Baba Mdogo akaifungua kamba usukanini, akaenda kufunga kiroba. Nilikimbia nyuma ya nyumba kulia peke yangu, na Mtachoka akanifuata, akanisugua shavuni kwa lile sikio lake bovu. Mbwa yule aliishi hadi manyoya ya mdomo yakawa meupe. Bibi alifariki mwaka uliofuata baada yake, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba vifo hivyo viwili vinahusiana, isipokuwa mimi, ambaye nilikuwa bado naamini Bibi alimpenda kwa siri.

Ilinichukua mpaka niwe na watoto kung'amua. Baada ya kile kichupa cha Mama Neema, nilipanda kwenda Kitangari kumsalimia Mama. Anaishi palepale, mchaichai uko palepale, ingawa bafu sasa ni la tofali. Tulikaa barazani. Nikamweleza nilichogundua, kwa sauti ya mtu anayeleta habari kubwa.

"Mama, yale mafuta hayakuwa ya mbwa. Yalikuwa yako. Bibi alikuzunguka. Hakuweza kukupa manukato ukiwa eda, ndiyo akasingizia mbwa."

Mama alinitazama kwa huruma. "Umegundua leo?"

"Kumbe ulijua?"

"Siku ile ile ya kwanza. Mama mkwe wangu yule, aharibu dumu la maji kwa ajili ya mbwa?"

"Sasa mbona hukumwambia kwamba unajua?"

Barabarani bodaboda ilipita, mikono yake ikabaki imetulia kwenye magoti.

"Mimi nilikuwa na eda," alisema. "Nilikalishwa, nikaletewa unga, nikapewa pole. Yeye ndiye aliyemzaa yule mtu, na matanga hayajaanuliwa alishashuka bondeni kuteka maji. Mama aliyefiwa na mtoto hakuna anayemkalisha eda, Somoe. Nikaona anasogeza mkeka. Nikaona akija pale ukingoni harufu inamfikia, anapumua. Na nikisimulia habari za mwanawe, anasikiliza. Ningemwambia nimepona, angeyaacha yale mafuta. Nikaendelea kumpaka mbwa."

Nilikumbuka kata ikigonga beseni.

"Na Mtachoka, je?" niliuliza mwishoni. "Yeye yalimsaidia?"

"Mtachoka alikuwa anatuvumilia tu," alisema Mama, akacheka, kisha akawa analia, kwa utulivu, kama mtu ambaye sasa anaruhusiwa.

Chupa ya yale mafuta ilikuwa dirishani. Bado anayatengeneza, ufuta, mchaichai, kivumbasi, makaa nusu. Alinyoosha mikono yake juu ya kanga, viganja juu. Nilimimina kwangu kwanza, nikabana viganja, nikapasha. Vilikuwa vinatetemeka. Nikasubiri.